Tutapata Wapi Moyo wa Kusimama Imara?

Hakuna Mkristu atakayefika mwisho wa safari yake bila kupingwa. Bwana wetu Yesu Kristu hakuwaficha wafuasi wake jambo hili. Aliwaonya kwamba watachukiwa kwa ajili ya jina lake, na kwamba mara nyingine adui wa mtu atakuwa mtu wa nyumbani mwake. Kupingwa huko hakuji kwa namna moja. Kwa kijana huja kama kicheko cha wenzake bwenini, apigapo magoti jioni. Kwa karani huja kama bahasha inayosukumwa juu ya meza. Kwa mke huja kama mlango uliofungwa asubuhi ya Jumapili. Kwa mzee wa ukoo huja kama macho ya ndugu zake wote, wakimngoja aseme neno ambalo dhamiri yake yamkataza.

Katika kila hali swali ni lilelile: tutapata wapi moyo wa kusimama imara? Wako wanaodhani kwamba ushujaa ni tabia ya kuzaliwa nayo, kama urefu wa kimo, aliyenyimwa amenyimwa. Wako na wanaodhani kwamba siku ya majaribu Mungu atawashushia nguvu kama mvua, hata ikiwa mwaka mzima hawakulima. Mawazo haya yote mawili yana kasoro. Nguvu ni neema ya Mungu, hakika. Lakini neema hiyo hupenda kukaa katika moyo uliotayarishwa. Ushujaa wa imani hujengwa kabla ya siku yake, na mahali pa kwanza pa kuujenga ni nyumba ya Mkristu.

Ili tulione jambo hili wazi, tutatazama habari za Watakatifu Mashahidi wa Uganda. Sikukuu yao ya tarehe 3 Juni twaijua sote, na majina yao tumewapa watoto wetu na parokia zetu. Hata hivyo wengi wetu twaijua nusu tu ya habari yao: twaujua moto wa Namugongo, lakini hatuijui miaka iliyoutangulia.

Nguvu ya Kikristu ni nini?

Katekisimu yatufundisha kwamba nguvu ni mojawapo ya fadhila kuu nne, pamoja na busara, haki na kiasi. Tena ni mojawapo ya vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha kwamba tendo kuu la fadhila hii si kushambulia, bali ni kuvumilia: kusimama katika jema bila kuhama, ijapokuwa hatari yakaribia. Sababu yake ni wazi. Ashambuliaye hujiona kuwa ndiye mwenye uwezo. Avumiliaye husimama mbele ya anayemzidi uwezo. Ashambuliaye huyaona mabaya kama mambo yajayo. Avumiliaye ameyaona yamekwisha fika. Tena kushambulia huweza kuwa kwa ghafula, lakini kuvumilia kwataka muda mrefu.

Wala tusidhani kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa. Mtakatifu huyohuyo alihesabu kutoogopa kitu chochote kuwa ni kasoro, kama vile woga uliopita kiasi. Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Getsemani alihuzunika na kufadhaika, akaomba kikombe kile kimwepuke. Kisha akainuka, akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Kuogopa peke yake si dhambi. Dhambi ni kuuacha woga ututawale hata tukaikana kweli.

Mtazameni Petro. Wakati wa karamu alisema kwa kiburi kwamba yu tayari kufa, na usiku huohuo maneno ya kijakazi mmoja penye moto wa makaa yakamwangusha. Hakukosa upendo. Alikosa maandalio: saa ile Bwana alipomwambia akeshe na kusali, yeye alilala. Aliyelala wakati wa sala hakuwa na cha kushika wakati wa kuulizwa.

Miaka ambayo padre hakuwapo

Sasa twende Buganda. Padre Simeon Lourdel wa shirika la Mapadre Weupe, ambaye wenyeji walimwita Mapeera, aliwasili huko pamoja na Bruda Amans mwezi wa Februari 1879. Watu wa kwanza walibatizwa mwaka 1880. Lakini mambo ya ikulu yalikuwa na mashaka mengi, na mwezi wa Novemba 1882 wamisionari waliondoka, wakaenda upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Ndiko walikoanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885.

Fikirini hali ya Wakristu waliobaki. Walikuwa wachache, tena wamebatizwa jana na juzi. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu hawakuwa na Misa, wala kitubio, wala padre wa kumwuliza shauri. Kwa kawaida ya mambo ya dunia tungetazamia kwamba wamisionari watakaporudi watakuta majivu matupu. Walikuta moto umekolea: wafuasi wa dini walikuwa wameongezeka, wala hawakupungua.

Je, ilikuwaje? Walijigawia kazi. Katika jumba la mfalme alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa watumishi wa kuaminiwa. Yeye aliwakusanya vijana waliotumika huko, akawafundisha sala na kuwakinga na maovu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho. Tauni ilipoingia aliwahudumia wagonjwa, akawabatiza waliokuwa kufani. Mbali na ikulu, huko Mityana, Matia Kalemba Mulumba pamoja na Luka Banabakintu na Noa Mawaggali waliongoza jumuiya nzima ya waamini. Matia alikuwa mtu mwenye cheo na mwenye wake kadhaa. Alipokuwa Mkristu alibaki na mke mmoja, katika nchi ambamo wingi wa wake ulikuwa fahari ya mkubwa. Neno hilo halikuwa dogo.

Angalieni basi mahali ushujaa wao ulipofinyangwa. Haukufinyangwa mbele ya wauaji. Ulifinyangwa katika sala ya jioni iliyosaliwa bila padre kuwakumbusha. Katika fundisho lililorudiwa hata likakaa kichwani. Katika mgonjwa aliyeoshwa ijapokuwa ugonjwa waambukiza. Katika kukataa dhambi ambayo hakuna mtu angaliiona. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Noa Mawaggali alikuwa mfinyanzi, na neno hilo alilijua kwa mikono yake. Chungu kisichofinyangwa vema na kukaushwa kwa saburi hupasuka kitiwapo motoni. Wao walitiwa motoni, wala hawakupasuka.

Siku ya kujaribiwa

Mfalme Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, aliyekuwa bado kijana, akatawala mahali pake. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa ajili ya dini yao. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya Busoga, aliuawa kwa amri ya mfalme pamoja na wengi wa watu wake. Ni nani angethubutu kumkaripia mfalme? Balikuddembe alithubutu. Alimwambia kwamba haikuwa haki kumwua mgeni bila kumsikiliza. Naye tangu zamani alikuwa akiwaepusha vijana wa ikulu na matakwa machafu ya mfalme.

Hapa pana jambo la kutafakari. Hannington hakuwa Mkatoliki, wala Mganda, wala ndugu wa Balikuddembe. Hakupata kufika ikuluni. Balikuddembe angaliweza kusema moyoni: jambo hili si langu, nami nina cheo na maisha ya kulinda. Hakusema hivyo. Ushujaa wake haukuwa wa kujitetea yeye mwenyewe, bali wa kumtetea mtu asiye na mtetezi. Hii ndiyo alama ya kuutambua ushujaa utokao kwa Mungu.

Tarehe 15 Novemba 1885 alihukumiwa kufa. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alimheshimu. Kwa hiyo alimkata kichwa kwanza ndipo akauchoma mwili, ili asiteketezwe akiwa hai. Kabla ya kufa Balikuddembe alimwachia mfalme ujumbe kwamba amemsamehe, lakini amshauri atubu. Hakumtukana, hakumlaani, wala hakumficha kweli. Usiku huohuo Karoli Lwanga, aliyeshika mahali pake katika kuwaongoza vijana, alikwenda misioni pamoja na wenzake kuomba ubatizo. Kifo kilichokusudiwa kuwatisha kiliwasukuma kisimani.

Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, hasira ya mfalme iliwaka tena. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni kadhaa ambao walikuwa bado hawajabatizwa. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Lwanga alimwahidi kwamba saa itakapofika atamshika mkono. Kulipokucha, mfalme aliamuru wanaosali wajitenge na wenzao. Lwanga alitoka wa kwanza, na Kizito mkononi mwake, wengine wakafuata.

Walipelekwa Namugongo, wakakaa kifungoni siku kadhaa wakingoja kuni zikusanywe. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana, waliteketezwa, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Lwanga alitengwa, akachomwa peke yake polepole, kuanzia miguuni. Vijana watatu waliachwa hai saa ya mwisho, nao ndio waliotoa ushahidi baadaye juu ya mambo waliyoyaona. Jumla ya Wakatoliki waliouawa katika dhuluma ile ni 22. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wala hakuacha kuwataja kwa heshima Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristu.

Katika mashahidi hao yuko mmoja ambaye majaribu yake yalikuwa ya namna ya pekee. Mbaga Tuzinde alikuwa amelelewa na Mukajanga mwenyewe kama mwanawe. Mzee yule hakumtisha, alimsihi. Alitaka akane kwa neno moja tu, au akubali kufichwa. Watu wa nyumbani nao walimlilia. Wasomaji wapenzi, tishio la adui huufanya moyo uwe mgumu, lakini machozi ya mlezi huuyeyusha. Mbaga hakumchukia aliyemlea, hakumdharau, wala hakukubali. Mukajanga akaamuru apigwe afe kwanza, ili asiusikie moto.

Wala ushujaa huo haukuwa wa wanaume tu. Noa Mawaggali alipouawa Mityana, dada yake Munaku alijitokeza mbele ya wauaji akikiri kwamba naye ni wa dini hiyohiyo. Hawakumwua, bali walimchukua mateka. Wamisionari walimkomboa, akabatizwa, akaishi bila kuolewa katika kumtumikia Mungu. Kuna wanaopewa kufa siku moja kwa ajili ya Kristu, na kuna wanaopewa kuishi kwa ajili yake miaka mingi.

Mafundisho kwa nyumba zetu

Kwanza, tusingoje vita ndipo tutafute silaha. Baba asiyesali na watoto wake wakati wa amani, atawaambia nini wakati wa dhiki? Sala ya jioni, Misa ya Jumapili, kitubio cha mara kwa mara na fundisho la dini linaloelezwa kwa lugha ya nyumbani ndiyo mafinyanzi ya kila siku. Kadhalika kweli katika mambo madogo. Mtoto anayeona mama akirudisha chenji iliyozidi dukani amejifunza somo ambalo siku moja litamsaidia kuirudisha bahasha ya ofisini.

Pili, tusikubali kusimama peke yetu. Kizito alikuwa mtoto, naye alihitaji mkono wa kushika. Hata watu wazima wahitaji. Kijana anayekwenda mjini kutafuta kazi, aulize mapema ilipo parokia na jumuiya ya jirani. Mke anayekatazwa kanisa, apate mama mwenzake wa kusali naye na padre wa kumshauri. Na sisi tulio imara, tusingoje kuombwa. Lwanga ndiye aliyeunyosha mkono wake kwanza.

Tatu, tupime sababu ya kupingwa kwetu. Si kila anayetupinga anaipinga imani yetu. Mwenye kukaripiwa kwa uvivu kazini hateswi kwa ajili ya Kristu. Mwenye ulimi mkali, anayewadharau majirani wa dini nyingine kisha akachukiwa, asijihesabu kuwa shahidi. Mtume Petro alitufundisha kwamba heri ni ya anayeteswa kwa kutenda mema, si ya anayeadhibiwa kwa kosa lake.

Nne, tukatae dhambi bila kumkataa mtu. Mashahidi walimtumikia mfalme wao kwa uaminifu katika kila jambo lililo halali. Walilokataa ni ovu peke yake. Mke Mkristu anayekatazwa kanisa na mumewe azidi kuwa mwema nyumbani, ila asikubali kuikana imani. Mwana anayesukumwa na wazazi wake kutenda lisilo haki awaheshimu, awahudumie, na katika neno lile moja aseme hapana kwa upole.

Katika baraza la ukoo

Tuchukue mfano mmoja, ili mafundisho haya yasibaki hewani. Mtoto wa ukoo amefariki kwa ghafula. Matanga hayajaisha, na wazee wanaitana faraghani. Mmoja anasema: twende kwa mpiga ramli tumjue aliyetuua. Kila aliyeketi pale anakisia jina litakalotajwa. Ni bibi kizee, mjane, akaaye peke yake mwisho wa kijiji, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Zinaombwa fedha za safari, kila mtu atoe fungu lake. Katika sehemu nyingine za nchi yetu wazee wasio na hatia, hasa wanawake, wameuawa kwa sababu ya shauri la namna hii lililoanza kwa mchango mdogo.

Pale amekaa Mkristu. Akitoa fedha, amenyamaza juu ya damu ya mtu. Asipotoa, ataulizwa kama yeye si wa ukoo huo, kama mtoto yule hakuwa wake, kama labda yeye ndiye anayemficha mchawi. Huenda akatengwa katika mambo ya ukoo, hata akanyimwa sehemu yake ya shamba. Afanye nini?

Asikimbie matanga. Achimbe kaburi pamoja na wenziwe, achangie sanda na chakula, akae na mama aliyefiwa, asali kwa ajili ya marehemu. Kwa njia hiyo hakuna atakayesema kwamba hana uchungu. Lakini fedha ya ramli asitoe, wala kibali chake asitoe. Aseme mbele ya wote, kwa sauti ya utulivu, kwamba yeye hajui mtu aliyemwua mtoto, na kwamba mpiga ramli naye hajui. Kwamba bibi yule ni mama yao sote. Na kwamba hatashiriki kumsingizia. Kisha jioni ileile aende kumwamkia yule bibi, ili watu waone kwamba hayuko peke yake. Na akiona kuna hatari, aipeleke habari kwa viongozi wa kijiji na kwa polisi kabla ya usiku kuingia.

Mtu ataweza kutenda hivyo ikiwa nyumbani mwake ramli haina nafasi. Ikiwa alipougua mwanawe mwenyewe alimpeleka zahanati na kusali, wala hakwenda kwa mpiga ramli usiku. Ikiwa amezoea kumpelekea mjane yule maji na unga wakati wa amani. Tena ataweza zaidi ikiwa amekwisha zungumza na Wakristu wenzake wawili wa ukoo ule, ili barazani isisikike sauti moja, bali tatu. Asiyejiandaa hivyo atajikuta mkono umekwisha ingia mfukoni kabla dhamiri haijasema.

Tuombe nini?

Petro yule aliyeangushwa na kijakazi hakubaki chini. Alilia, akasamehewa, akampokea Roho Mtakatifu. Siku chache baada ya Pentekoste alisimama pamoja na Yohane mbele ya baraza lilelile lililomhukumu Bwana, akakataa kunyamaza. Walipoachiliwa walirudi kwa wenzao, wakasali wote pamoja. Nalo ombi lao latushangaza: hawakumwomba Mungu awaondolee wapinzani wao, wala awape mahali pa kujificha. Walimwomba wapate kusema neno lake kwa ujasiri wote. Basi aliyeanguka kati yetu asikate tamaa. Mlango wa kitubio u wazi, na Mungu amezoea kuwafanya mashujaa kwa udongo uliokwisha vunjika.

Wazazi, jioni moja ya juma hili baada ya sala, waulizeni watoto wenu: ni jambo gani shuleni au mtaani linalowatia woga kuonekana Wakristu? Wasikilizeni hata mwisho bila kuwakaripia. Kisha waambieni na ninyi mnapingwa wapi, kazini au katika ukoo, mkaombeane kwa majina. Na kabla hawajaenda kulala, kila mmoja amtaje mtu mmoja asiye na mtetezi, aazimie kumsimamia. Tukifanya hivyo kila juma, siku ya kujaribiwa haitatukuta wageni wa ushujaa.

Watakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee.